Televisheni Ndogo ya Dirishani

Mume wangu aliipenda televisheni yake kubwa kuliko alivyonipenda mimi, na hilo nilimwambia mara nyingi mbele za watu. Aliletewa na kaka yake kutoka Uarabuni, pamoja na mashine mbili za video, kamera, na kiboksi chenye vitufe ambacho hakuna kati yetu aliyejua kazi yake. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, hapa Shinyanga mjini, nyuma ya duka letu la kutengeneza redio. Bara hakukuwa na kituo cha televisheni. Aliyekuwa na televisheni alikuwa nayo kwa ajili ya video tu, na wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa mjini na madalali wa dhahabu kutoka upande wa Geita. Watu hao walipenda kuoa, na walipenda zaidi kujiona wakioa. Tukaanza kupiga picha za harusi.

Kazi ilijigawa yenyewe. Yeye alishika kamera upande wa wanaume, mimi nikaishika upande wa wanawake, maana hakuna mama wa mji huu ambaye angekubali mwanamume aingie na kamera kule ndani ambako watu wamevua mabuibui. Kuunganisha kanda niliachiwa mimi. Mume wangu angeweza kukaa kutwa nzima na redio iliyokufa bila kunung'unika, lakini kukaa akitazama watu wanakula pilau hakuweza. Alisema inamtia njaa.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa na maajabu. Mashine ya kwanza ilicheza kanda tuliyopiga, ya pili ilinakili vipande nilivyovitaka, na televisheni kubwa ilinionyesha kilichomo kwenye ile ya kwanza. Niliyoyaona humo ndiyo niliyodhani mteja atayaona. Basi harusi yetu ya kwanza ilipofika kwa wenyewe, bibi harusi alitokea wa zambarau. Mama mkwe aliirudisha kanda yeye mwenyewe, kaishika kwa ncha za vidole, akauliza kama tulipiga picha ya mkwewe au ya maiti yake.

"Televisheni yao mbovu," akasema mume wangu yule mama alipoondoka.

Inawezekana ilikuwa mbovu. Lakini kwetu bibi harusi huyo huyo alikuwa mwekundu kama nyanya, kwa sababu mume wangu alipenda rangi zikolee na alikuwa amezungusha kitufe mpaka mwisho. Nilimwambia kwamba kama televisheni mbili zinabishana, siwezi kuisadiki moja kwa sababu tu ni kubwa na imetoka kwa kaka yake. Tulinuniana mpaka magharibi.

Ndipo nikapata ile ndogo. Fundi mmoja wa kinu cha pamba alihamishwa, akauza vyombo vyake, na kati ya vyombo kulikuwa na televisheni ya rangi ambayo kioo chake hakikuzidi sahani ya wali. Niliiweka kando ya dirisha, nikamwambia mume wangu aiunganishe na mashine ya pili, ili inionyeshe kile kinachoingia kwenye kanda mpya. Kile kiboksi cha vitufe tukakiweka katikati ya mashine mbili, maana kufikia hapo tulishagundua kwamba kinabadilisha rangi: kitufe cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Basi kubwa ilinionyesha tulichopiga, ndogo ikanionyesha mteja atakachopewa. Nilichukua siku nyingi kuirekebisha ile ndogo, kila nikiitazama naitazama na mikono yangu mwenyewe, nikilinganisha ngozi na ngozi. Iliponiridhisha nilibandika plasta ya kidonda juu ya vitufe vyake. Hakuruhusiwa mtoto, mgeni wala mwenye nyumba kuigusa. Mume wangu aliiita mke mwenza.

Kosa langu la kwanza na mke mwenza lilikuwa la kanzu. Nilifikiri, nyeupe ni nyeupe. Nikizungusha vitufe mpaka kanzu ziwe nyeupe, na vingine vyote vitakaa sawa. Nilifanya hivyo kwa harusi moja nzima, na watu wote wakatoka wa manjano kama waliopakwa bizari. Nilikaa nikiumiza kichwa hadi nilipokwenda uani na kukuta nguo zikiloweka. Akina mama wote wa mji huu tulisuuza kanzu za waume zetu kwa buluu ya kufulia, mmoja kidogo, mwingine mpaka kanzu ikawa kama anga, na kila mmoja aliamini ya kwake ndiyo nyeupe. Mimi nilikuwa nimeiondoa buluu ya ndoo na pamoja nayo buluu ya dunia nzima.

Tangu hapo niliacha kuziamini kanzu, nikaiamini kanga. Nilikuwa na moja ya nyekundu na nyeusi. Kila harusi, kabla ya kumpiga picha mtu yeyote, niliitandika kanga hiyo mahali pale pale ambapo watu watakaa, kwenye taa ile ile, nikaipiga picha kwanza. Nikirudi nyumbani niliitundika kwenye msumari kando ya dirisha, nikacheza kanda, nikazungusha vitufe mpaka kanga ya kwenye kioo kidogo ifanane na kanga ya kwenye msumari. Baada ya hapo sikugusa kitu. Wanawake walinicheka sana. Walisema nimekuja harusini kuiozesha kanga. Mume wangu hakutaka kabisa kubeba kanga kwenda nayo kwa wanaume wenzake, kwa hiyo upande wake nilikuwa nabahatisha.

Hayo yote nayaeleza kwa sababu ya wanawake wawili waliokuja asubuhi moja kutoka Ushirombo.

Walishuka kwenye basi la kupitia Kahama, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mmoja alikuwa mwembamba, mjane, na mwanawe mmoja tu. Alivaa gauni lililochakaa, na mabegani kanga mpya kabisa ya rangi ya chungwa yenye pindo jeusi, bado ina ugumu wa dawa ya dukani. Mwingine alikuwa jirani yake, mnene, mwenye sauti, na ndiye aliyekuwa amebeba kapu na ndiye aliyekuwa akiongea. Alimsalimu mume wangu, akaitazama redio iliyokuwa ikikwaruza mezani, akamuuliza kama inaongea au inakoroma. Kisha akatoa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kapu akaniwekea mapajani kabla hajasema amefuata nini.

Aliyeeleza ni yeye. Mtoto wa mwenzake na mtoto wake mwenyewe walikuwa wakichimba dhahabu pamoja Rwamgasa. Walikuja Shinyanga kwenye harusi ya dalali mmoja aliyewahi kuchimba nao, harusi ambayo kanda yake ilikuwa bado mikononi mwangu. Walishona mashati mapya kwa ajili ya sherehe. Kutoka hapa hawakupita nyumbani, walirudi moja kwa moja machimboni. Ila mtoto wa huyu mjane alimpa kondakta ile kanga ampelekee mama yake, na ujumbe kwamba siku moja atamwona kwenye video amebeba kanga hiyo hiyo. Halafu duara likaanguka. Duara ni shimo la mchimbaji, na lile lilikuwa refu, na miti ya kuzuia udongo ilikuwa imeoza. Walipomfikia aliyekuwa chini, siku zilishapita, sura haikutambulika, ikabidi wamzike kule kule. Mchimbaji mmoja alikata kipande cha mkono wa shati, akakifua, akakileta Ushirombo kwa mjane.

"Akasema aliyefukiwa ni wa kwake huyu," jirani alimalizia. "Wa kwangu alishaondoka kabla, yuko Nkome ziwani kwenye dagaa. Alisema hivyo huyo kijana, na aliapa."

"Aliapa," mjane akasema. "Lakini mimi shati sijaliona."

Ndugu walikuwa wamekwisha kukusanyika kwake wakisubiri matanga. Yeye alikataa kukaa chini. Alisema hatamlilia mtu kwa kitambaa, kwanza atamtazama mwanawe kwenye hiyo video amevaa nini. Wakamwona amechanganyikiwa. Jirani peke yake ndiye aliyemwambia, haya twende, akafunga kapu.

Nilimkaribisha mjane chumba cha nyuma. Jirani akakataa kuingia.

"Mimi nabaki hapa barazani," akasema. "Yule mtoto nimempakata. Sitaki kumwona akicheka humo ndani."

Mume wangu akampa kiti, chai na maandazi, kisha akaja kusimama mlangoni nyuma yetu.

Nilijua kipande kile, maana nilikuwa nimekipita mara kadhaa. Ni mlangoni mwa ukumbi, upande wa wanaume, chini ya zile taa ndefu nyeupe za tyubu. Vijana wawili wamesimama bega kwa bega. Mmoja mrefu, doti ya kanga iliyokunjwa iko begani kwake, anajaribu kutazama pembeni kama mtu ambaye hajali kamera. Mwenzake amemshika shingo, anacheka mpaka meno ya mwisho. Niligandisha picha. Mistari ilipita juu chini, kisha ikatulia kiasi.

"Ni yeye," mjane akasema.

Hakulia. Alitazama muda, akamsogelea mwanawe kwenye kioo cha televisheni kubwa, kisha akafungua fundo kwenye pembe ya kanga yake akatoa kile kitambaa. Kilikuwa cha kijani, kijani cha majani ya muhogo, bila maua wala mistari. Alikiweka juu ya kioo, juu ya kifua cha mwanawe. Kijani juu ya kijani.

"Ndilo," akasema, akakaa kwenye kigoda.

"Pole sana, mama," mume wangu akasema kutoka mlangoni. "Innalillahi."

Hapo nilikasirika. Nilimkasirikia mume wangu kwa kutanguliza pole, na niliikasirikia ile televisheni yake iliyokuwa inatoa hukumu pale kama hakimu. Kwa sababu mimi nilikuwa naona kila kitu kina ukijani: ukuta, mlango, kanzu za watu nyuma, hata meno ya yule anayecheka. Taa za tyubu ndivyo zilivyofanya kwenye kamera yetu, na kitufe cha mume wangu kikaongeza chumvi. Mashati yote mawili ya wale vijana yalionekana yamekatwa kitambaa kimoja.

"Ngoja kwanza, mama," nikasema. "Hiyo ni rangi ya televisheni. Rangi ya shati bado hatujaiona."

"Usimpe tumaini la bure," mume wangu akaninong'oneza.

"Na wewe usimzikie mtoto."

Shida yangu ilikuwa ile ile ya siku zote. Upande wa wanaume haukuwa na kanga yangu, na kanzu nilishajua uongo wake. Nilisimama nimeshika kiboksi sijui nianzie wapi. Nikamtazama yule mama, amejikunyata kwenye kigoda, na ndipo nilipoona alichovaa. Kanga aliyokuwa nayo mwanawe begani kwenye picha ilikuwa mabegani mwake, na haijafuliwa hata mara moja.

Nilimwomba asimame karibu na dirisha, kando ya ile televisheni ndogo, mwanga wa nje umpige. Alitii bila kuuliza. Kwenye kioo kidogo doti ya mwanawe ilikuwa na rangi ya matope, si chungwa wala chochote. Nikaanza kuzungusha. Nilishusha kijani kidogo, doti ikawa ya hudhurungi. Nikapandisha nyekundu, ikazidi, ukuta ukaona haya, nikairudisha. Nikagusa buluu. Nilikuwa nikitazama mabega ya mama, natazama kioo, natazama mabega. Polepole chungwa likaja, na pindo likawa jeusi kweli, na nilipofumba jicho moja sikuweza kuzitenganisha kanga ile na ile.

Sikuwa nimelitazama shati hata mara moja. Nilikuwa najizuia, maana mtu akitazama anachokitaka, mkono unamfuata. Sasa nikalitazama. Lilikuwa la kijivu. Kijivu cha majivu, shati la fundi wa kawaida, halina ukijani hata chembe.

Nilifurahi, na mimi sijui kuficha furaha. Nilimshika mkono nikamvuta kwenye kioo. "Si yeye, mama. Tazama. La mwanao ni la kijivu. Weka kitambaa chako hapo uone."

Alikiweka. Kilikaa juu ya kifua cha mwanawe kama kiraka cha nguo nyingine. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, na mume wangu nyuma yetu akasema alhamdulillahi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka. Niligeuka kumtazama yule mama ili tucheke wote.

Hakunitazama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kioo. Aliusogeza taratibu, upana wa vidole viwili tu, kutoka kifua cha mwanawe hadi kwenye mkono wa yule mwenzake, ule uliomshika mwanawe shingo. Hapo kitambaa kikapotea. Kijani cha majani ya muhogo kikaingia kwenye kijani cha majani ya muhogo, hata sikuona kingo zake.

Kutoka barazani tulimsikia jirani akimwambia mteja wa redio asubiri, wenye duka wana mgeni mwenye msiba.

"Zima," mjane akasema.

Nilizima zote mbili. Mume wangu hakuwa ameona, alikuwa amekwisha kurudi dukani kumhudumia yule mteja. Nilikuwa na hasira, na haikuwa na wa kumwangukia, kwa hiyo nikawa nazikunja waya ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Nilijuta kuijua kazi yangu. Ningekuwa mtu wa televisheni moja, yule mama angetoka mle na msiba wa kudhani, na mwanawe angerudi kuuondoa.

Maana alirudi, na nalisema hapa ili nisilirudie. Ni yeye aliyekuwa Nkome kwenye dagaa. Aliyeleta habari aliwachanganya. Machimboni waliitana kwa majina ya utani, na huyo mleta habari hakuwa wa duara lao. Alishuka Ushirombo siku moja ananuka samaki, amevaa shati la kijivu.

Lakini asubuhi ile mama yake hakuwa na uhakika wa hayo. Alikuwa na kitambaa tu.

"Mwenzangu amekunywa chai?" akaniuliza.

"Amekunywa."

"Na amekula?"

"Mume wangu amempa maandazi."

"Vizuri," akasema. "Tangu jana hajala. Alisema hawezi kula mimi nikiwa na njaa."

Akainuka, akajipangusa uso, akatoka. Nilimfuata.

Jirani alimwona usoni akasimama, kapu likaanguka michembe ikamwagika barazani. Alimkumbatia pale pale akaanza kumpigapiga mgongo. "Pole, mayu. Pole mwenzangu. Lia, usijizuie. Mimi nipo, hatutakuacha peke yako." Na mwenzake akalia kweli, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu wafike, na kadiri alivyolia ndivyo jirani alivyozidi kumbembeleza. Mume wangu alinitazama, hakuelewa, maana yeye alishasema alhamdulillahi. Nilimtikisia kichwa anyamaze.

Kisha yule mama akajitoa kwenye mikono ya mwenzake. Aliivua kanga mpya mabegani, akaikunjua yote, akamfunika nayo jirani yake kuanzia kichwani, kama anavyofunikwa mama aliyefiwa, akaikusanya chini ya kidevu chake na kuishikilia hapo. Kitambaa cha kijani kilikuwa kati ya vidole vyake. Jirani alikuwa bado anasema pole. Aliisema tena, taratibu zaidi, akashusha macho kwenye vile vidole, akaacha.